MMA Si Ngeta

Mtaani Jamhuri, na katika mitaa ya jirani kuanzia Woodley hadi Dagoretti Corner, kuna hukumu iliyokwisha kutolewa bila mshtakiwa kusikilizwa. Inasema kwamba MMA, mchezo unaochanganya ndondi, mateke, mieleka, judo na jujitsu, ni shule ya majambazi. Kijana anayefundishwa kukaba shingo jioni ya leo ndiye atakayekuvizia kichochoroni wiki ijayo. Wazazi wanasema hivyo, viongozi wa makanisa wanasema hivyo, na hata walimu waliocheza raga ujanani mwao wanasema hivyo. Kauli inayofunga mjadala kila mara ni ile ile: mnafundisha watoto ngeta. Wanaoitoa ni watu wazima wenye nia njema, na hofu yao ina sababu. Lakini hukumu yao si ya haki, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na ngeta yenyewe, maana ndiyo chimbuko la hofu. Anayeishi Nairobi hahitaji kuelezwa. Unarudi nyumbani giza likiingia, mkono unakuzunguka shingo kutoka nyuma, mtu wa pili anapekua mifuko, na punde uko chini huna simu wala pochi. Wapo waliobaki na maumivu ya koo kwa majuma, na wapo ambao hawakuamka. Ubaya wa ngeta ni kwamba aliyekabwa hakukubali, hakumwona anayemkaba, na hana namna yoyote ya kuikomesha. Mkabaji naye hajui anachokitenda mwilini mwa mwenzake, wala hajali.

Sasa ingia mahali ambapo MMA inafundishwa vizuri. Kabali ipo, tena kwa umbo ni ile ile. Lakini wanaokabana wametazamana kwanza, wamegongana viganja, wanajuana kwa majina. Mwanafunzi ameelezwa kwamba mkono ukibana mishipa ya damu iliyo pande mbili za shingo, ubongo hukosa damu na fahamu hupotea ndani ya sekunde kama 10. Ameelezwa pia kwamba kuponda koromeo ni jambo jingine, lenye madhara yake. Na kabla ya yote hayo amefundishwa kugonga. Ukizidiwa, unaugonga mwili wa mwenzako au mkeka kwa kiganja. Mikono ikiwa imenaswa, unagonga kwa mguu au unatamka kwa mdomo. Mwenzako anaachia papo hapo. Haulizi, habishi, hamalizii. Anayechelewa kuachia huonywa mbele ya wote, na anayerudia kosa hilo hafai kubaki katika chumba hicho.

Uzito wote wa hoja yangu uko hapo. Mazoezi ya MMA, yanapofundishwa inavyopasa, ni mazoezi ya kusimama kwa wakati. Kijana anayekabana na wenzake hugonga mara nyingi kila jioni. Anashindwa na mdogo wake kwa umri, anashindwa na msichana mwepesi kuliko yeye, anainuka, anatoa mkono, wanaanza tena. Niambieni ni wapi kwingine, kati ya Ngong Road na reli inayokatiza Kibera, ambapo mvulana wa miaka 16 anafundishwa siku baada ya siku kwamba kukubali kushindwa hakumpunguzii utu, na kwamba mwenye nguvu ana wajibu wa kuachia pale mwenzake anaposema basi. Ugomvi wa mtaani huua kwa sababu hauna mlango huo. Mmoja hawezi kukiri amezidiwa bila kuaibika mbele ya umati, na mwingine hajui aache lini. Kijana aliyekwisha kugonga mara elfu haoni tena aibu katika kuondoka.

Hoja ya pili hutolewa kwa utulivu zaidi: mchezo ambao lengo lake ni kumwumiza mwenzako hauwezi kuitwa mchezo. Mwenye hoja hii na ashuke Ngong Road siku ya ligi ya raga, aingie uwanja wa RFUEA. Atawaona wanaume wa kilo 100 wakigongana wakiwa katika mbio, wengi bila kinga yoyote kichwani, na jukwaani familia nzima imeketi na watoto wake. Kenya ilipowashinda Fiji 30–7 na kutwaa kombe la Singapore mwezi Aprili 2016, nchi ilishangilia, nami nilishangilia pia. Hakuna aliyesema wachezaji wale wamelelewa katika ukatili. Raga ni mchezo mzuri na sina neno nao. Ninachouliza ni kwa nini mgongano wa mvulana wa shule yenye jina huitwa kujenga tabia, na mazoezi ya mvulana wa Kibera huitwa ujambazi. Jibu halipendezi, lakini lazima litamkwe: hatuogopi mchezo, tunamwogopa mchezaji. Jamhuri na Kibera zinapakana, na kwa miaka mingi tumezoea kumtazama kijana wa upande wa pili kama mtuhumiwa. Akikimbia, anakimbia na mali ya mtu. Akifanya mazoezi ya nguvu, anajiandaa kutuvamia. Mchezo wowote ambao maskini anaweza kuuanza akiwa na kaptura tu na mahali pa kuangukia utashukiwa kwa mtazamo huo.

Wako wanaokubali ndondi na kuikataa MMA, na hawa wanastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu ndondi ina heshima yake halali katika nchi hii. Robert Wangila alitupa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, na hadi leo hatujapata nyingine ya ndondi. Kabla yake kulikuwa na Philip Waruinge, mwenye shaba ya Mexico 1968 na fedha ya Munich 1972. Vilabu vya askari vililea mabingwa, na watu wazima wa leo walikua wakiwashangilia. Ndiyo maana ndondi inaonekana kuwa ya kistaarabu: tumeizoea.

Lakini Wangila yule yule alipanda ulingoni Las Vegas mwezi Julai 1994. Mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya tisa, naye akalalamika kwamba limekatizwa mapema. Alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu, na tarehe 24 Julai akafariki akiwa na umri wa miaka 26. Simtaji ili kuichafua ndondi. Namtaja kwa sababu kifo chake kinatufundisha kitu kuhusu mwili. Glovu nene za bondia hulinda mifupa ya mkono wake, si ubongo wa mwenzake. Zinamwezesha kupiga kichwa mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Bondia akiangushwa anahesabiwa, na akisimama kabla ya 10 anaweza kuendelea kupigwa kichwa kile kile ambacho sekunde chache zilizopita kilikuwa kimezimika. Kwenye MMA hakuna kuhesabiwa. Anayeshindwa kujilinda kwa akili, mwamuzi anamfunika kwa mwili wake na pambano limekwisha. Na mapambano mengi huamuliwa kwa kukaba, kukunja viungo au kumdhibiti mtu chini, bila kichwa kupigwa kwa muda mrefu.

Takwimu zipo, na nitazitaja pamoja na zile zisizonisaidia. Madaktari wa Alberta, Kanada, walipitia kumbukumbu za uchunguzi wa baada ya pambano tangu 2000 hadi 2013, za wapiganaji 1,181 wa MMA na mabondia 550. Waliopata jeraha lolote walikuwa asilimia 59.4 upande wa MMA na asilimia 49.8 upande wa ndondi. Kwa hiyo ni kweli: MMA huchubua na kuvilisha damu zaidi. Lakini waliopoteza fahamu walikuwa asilimia 4.2 upande wa MMA na asilimia 7.1 upande wa ndondi. Michubuko hupona kwa wiki mbili, ubongo haufuati ratiba hiyo. Upande wa pili, watafiti wa Toronto mwaka 2014 walichunguza mapambano ya UFC, shirika la Marekani la MMA ya kulipwa, ya mwaka 2006 hadi 2012 na kukuta kwamba karibu theluthi moja yaliishia kwa mtu kuzimishwa au kusimamishwa kwa mapigo mfululizo ya kichwa. Hiyo ni sehemu kubwa mno, na yeyote anayekwambia mchezo huu hauna hatari kwa kichwa anakudanganya. Ila tazama ni akina nani waliochunguzwa. Ni wanaolipwa kupigana, katika ngazi ya juu kabisa duniani. Karani anayefanya mazoezi baada ya kazi, au mwanafunzi anayekuja Jumamosi, huenda asipande ulingoni maisha yake yote, na walio wengi hawapandi. Kumpima huyo kwa hatari ya bingwa wa UFC si haki.

Na hapo ndipo runinga na simu zilipotupotosha. Wengi wetu tumeijua MMA kupitia vipande vya sekunde chache: teke, mtu anaanguka, damu, kelele. Hatukuonyeshwa miaka iliyotangulia teke lile. Wamarekani wenyewe walipitia hofu yetu hii hii. Shindano la kwanza la UFC lilifanyika Denver tarehe 12 Novemba 1993 likiwa na makatazo machache sana, na seneta John McCain aliufananisha mchezo huo na kupiganisha majogoo, akawaandikia magavana wa majimbo yote 50 akitaka upigwe marufuku. Kwa mchezo ule wa 1993, alikuwa na hoja. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 2000, New Jersey ilipoandika kanuni za pamoja, kuna raundi za dakika tano, uzani, waamuzi, madaktari, glovu, na orodha ndefu ya makosa: kupiga kwa kichwa, kuchokoa macho, kupiga kisogo, kumpiga teke la kichwa aliye chini, kuvunja vidole. New York, iliyoukataza kwa muda mrefu kuliko wote, iliuruhusu mwaka 2016. Sisi bado tunabishana na mchezo wa 1993.

Shindano lile la kwanza lilithibitisha jambo jingine ambalo vijana wetu wenyewe bado wanalikosea, wanaodhani MMA ni ya wenye miili mikubwa. Mshindi alikuwa Royce Gracie, Mbrazili wa kilo 80 hivi, aliyewashinda wenye nguvu kumzidi kwa kuwapeleka chini na kuwakaba. Desemba 1994 alimnasa Dan Severn, mwanamieleka aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 30, kwa miguu yake shingoni, baada ya kulaliwa karibu dakika 16. Kijana wa Jamhuri anayeanza kwa kunyanyua vyuma miezi mitatu ili awe tayari anapoteza miezi mitatu. Angeanza kwa kujifunza kuanguka. Ndilo somo la kwanza katika kila chumba kizuri: kidevu kifuani, mkono uupige mkeka, usitegemee kiganja kuubeba mwili. Mtu anayepanda boda boda kila siku katika jiji hili angefaidika na somo hilo hata kama hatarudi tena.

Narudi kwenye ujambazi, kwa sababu upande wa pili una ushahidi wake na nisingependa kuuficha. Endresen na Olweus, watafiti wa Norway, walichapisha mwaka 2005 matokeo ya kuwafuatilia wavulana walioshiriki ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na sanaa za mapigano za Mashariki, wakaona vurugu nje ya michezo ikiongezeka. Huo si uvumi wa mtaani, ni kazi ya watu makini. Lakini uweke kando ya jaribio la Trulson la Marekani, la 1986. Alichukua vijana waliokuwa na matatizo ya tabia akawagawa kwa miezi sita. Kundi moja lilifundishwa taekwondo pamoja na heshima, utulivu na falsafa yake. Kundi jingine lilifundishwa kupigana tu. La tatu lilicheza michezo ya kawaida. Kundi la kwanza lilipungua ukali. La pili lilizidi. Lilikuwa jaribio dogo, la vijana 34 tu, na lisibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo linaeleza kinachoonekana katika kila chumba cha mazoezi: teke ni lile lile, anayebadilika ni mwalimu. Kocha anayewacheka wanaogonga atazalisha wakabaji. Kocha anayegonga mwenyewe mbele ya wanafunzi wake anapozidiwa atazalisha watu.

Chukua mfano wa Francis Ngannou wa Batié, Kamerun, aliyechimba mchanga machimboni tangu utotoni. Baba yake alijulikana kwa ugomvi wa mitaani, naye mwana akaapa kuigeuza nguvu hiyo kuwa kitu kingine. Aliondoka 2012, akavuka jangwa la Sahara, akafungwa Uhispania kwa kuingia bila vibali, akalala nje Paris, ndipo akaingia ukumbi wa MMA. Machi 2021 alikuwa bingwa wa uzani wa juu wa UFC, wakati ambapo Kamaru Usman na Israel Adesanya, wote wazaliwa wa Nigeria, walikuwa nao wakishikilia mikanda. Mtu mmoja hathibitishi kanuni, najua. Lakini anayesema mchezo huu humgeuza maskini kuwa mhalifu analazimika kutueleza kisa cha Ngannou.

Wapo wanaosema mchezo huu ni mambo ya kigeni. Hili halinichukui muda. Kandanda nayo ilikuja na meli. Na Waswahili hawakungoja Denver ili wajue pambano lenye kanuni: Lamu wanacheza kirumbizi kwa fimbo, ngoma ikilia, na Makunduchi, Zanzibar, wakati wa Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishie hapo uwanjani.

Kuhusu wasichana, hoja ya kwamba huu si mchezo wao ilijibiwa zamani na mabondia wetu wenyewe. Fatuma Zarika alikwenda Michigan mwaka 2016 akarudi Nairobi na mkanda wa dunia wa WBC. Lakini kwa msichana wa kawaida suala si mkanda. Utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya jiji hili uliripoti kwamba, baada ya mafunzo ya kujilinda ya wiki sita, waliodhulumiwa kingono walipungua kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Mafunzo yale hayakuwa MMA, na sehemu kubwa ilihusu kutumia sauti, kukataa na kuondoka. Ndiyo maana nayataja: mkeka nao hufundisha kukataa na kujinasua. Msichana aliyekwisha kulaliwa na mtu mzito mkekani, akapumua, akajinasua, anajua kwamba kushikwa si mwisho. Mzazi anayemzuia kwa sababu mchezo ni wa kiume anamnyima ujuzi huo katika jiji ambalo wavamizi hawabagui.

Nimewajibu walio nje. Walio ndani nao wana uzushi wao, na huo ndio unaoumiza zaidi. Unasema kwamba mazoezi bora ni kupigana kwa nguvu zote kila siku, na kwamba anayeomba apigwe polepole ni mwoga. Si kweli. Mapigo ya kichwa hujumlishwa, hata yale yasiyoangusha. Kofia ya mazoezi huzuia uso kuchanika, haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Chama cha kimataifa cha ndondi za ridhaa kiliiondoa kofia katika mashindano ya wanaume mwaka 2013. Wanaodumu katika mchezo hutumia muda mwingi kurudia mbinu, kukabana kuanzia mkao uliochaguliwa, na kurushiana ngumi kwa mguso. Mtoto hana haja ya kupigwa kichwani hata mara moja ili ajifunze.

Uzushi wa pili wa ndani ni kujikausha maji ili kutimiza uzani. Desemba 2015 kijana Mchina wa miaka 21, Yang Jian Bing, alifariki Manila kabla hata ya kupanda ulingoni, mwili wake ukiwa umekaushwa. Shirika la ONE Championship lililoandaa pambano hilo likapiga marufuku kupunguza uzani kwa njia hiyo. Kocha anayemfunga kijana mifuko ya plastiki na kumkimbiza juani bila maji anacheza na uhai wa mtu, na hakuna medali inayolipa hilo. Hata mambo madogo yana uzito: kucha zikatwe, mkeka uoshwe kwa dawa kila siku, mwenye mapunye au majipu akae nyumbani hadi apone. Ukumbi unaopuuza mkeka utapuuza na kichwa.

Kwa hiyo dharau ya mtaa haimlindi mtoto. Inawasukuma vijana wakajifunzie kwenye simu, uani, juu ya saruji, bila mtu wa kusema basi. Sheria ya Michezo ya 2013 ilianzisha ofisi ya Msajili wa Michezo na kutaka mashirika ya michezo yasajiliwe. Sheria hiyo itumike bila huruma kwa wanaofundisha kukaba na kupiga: wathibitishwe, wajue huduma ya kwanza, aliyezimia asiruhusiwe kurudi mazoezini bila daktari, na watoto wawekewe mpaka wa maandishi kuhusu mapigo ya kichwa. Kaunti nayo ina viwanja upande huu wa jiji. Mikeka michache iliyofunikwa na paa ni gharama ndogo.

Na wewe mzazi wa Jamhuri, usimzuie mwanao kwa kusikia, wala usimruhusu kwa kusikia. Nenda ukumbini jioni moja, keti kando ya mkeka saa nzima, utazame mikono. Ukiona mtoto anagonga na mwenzake anachelewa kuachia, na kocha amenyamaza, mchukue mwanao siku hiyo hiyo na uwaambie majirani. Ukiona kila anayegonga anaachiwa mara moja, lipa ada ya mwezi.